Jiwe Tumboni mwa Desderi

Tangu tumzike Desderi, papai limenishinda kula. Watu wa Shanwe ni wakarimu, na siku za matanga kila aliyeingia uani alikuja na kitu: huyu mchele, huyu kuni, huyu ndoo ya maji kichwani. Mama mmoja wa jumuiya yetu alileta kapu zima la mapapai yaliyoiva vizuri, akayapanga ukutani karibu na mkeka niliokalia. Alifanya kwa wema. Alikuwa amesikia kwamba wiki za mwisho nilikuwa nikimpondea mwanangu papai na kumlisha kwa kijiko, akadhani ndilo tunda linalopendwa nyumba hii. Niliyatazama mpaka jua likageuka, kisha nikamwomba mjukuu ayagawe kwa majirani. Lakini harufu ilikwishabaki chumbani, na harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha kambini, kwenye mwaka ambao nilikuwa mama kijana wa mtoto mmoja na nilijifunza kuogopa. Elimu yangu ni ya darasa la nne la misheni, na mkono wangu sasa unatetemeka. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Treni ilikuwa imeshaanza kufika Mpanda, na mgodi wa madini ya risasi ulikuwa ukichukua wanaume kutoka kila upande. Mume wangu Gervas alipata kazi huko, nami nikamfuata kutoka Mpimbwe nikiwa na Desderi mgongoni. Tulipewa chumba kimoja katika mstari mrefu wa vyumba vilivyoshikana, matofali chini, bati juu. Ukuta ulikuwa mwembamba hata jirani akikohoa ulimwambia pole bila kutoka nje. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati lenye kufuli, na pembeni mtungi wa maji, mkubwa, uliozama kidogo kwenye kilima cha mchanga ili usipinduke. Mafiga yalikuwa nje, chini ya upenu. Nilikipenda chumba kile. Nilikifagia mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Jioni wanaume walitoka kazini wamejaa vumbi la kijivu, na mtu alimtambua mumewe kwa mwendo kwanza, ndipo kwa sura.

Posho ilitolewa mwisho wa wiki: unga, maharage, chumvi, dagaa. Nataka kueleza huo unga, maana habari yote inaanzia hapo. Ulikuwa unga wa mashine, uliokobolewa, mweupe hata ukiushika unaona mistari ya kiganja chako. Kwetu Mpimbwe tulikula ugali wa ulezi na wa mahindi yaliyosagwa na pumba zake, tukala viazi, mlenda, asali ilipopatikana. Kambini vyakula hivyo vilikuwa aibu. Mwanamke akionekana akichuma mlenda kwenye majani nyuma ya vyoo, wenzake walimwimbia, "Mtu wa porini huyo, treni imemleta, hajashuka bado!" Nilikuwa na umri wa kuona haya. Basi nikapika kama walivyopika wao: ugali mweupe mgumu, chai nyeusi au chai yenye maziwa ya kopo, na ndizi mbichi za kuchemsha zikipatikana. Desderi nilikuwa nimemwachisha ziwa muda mfupi tu kwa kupaka shubiri, na hicho ndicho chakula alichokutana nacho baada ya ziwa. Maji ya kunywa sikumpa. Wanawake walisema maji ya bomba la mgodi yana uzito wa madini, kwamba mtoto akiyazoea mifupa inakuwa mizito, hatembei. Akililia maji nilimpa chai.

Jirani yangu wa ukuta wa pili alikuwa Mama Zuhura, mtu wa Karema, Mwislamu wa pwani ya ziwa, mkubwa wa mwili na wa sauti. Aliuza dagaa kambini na alikuwa na utani na kila mtu. Asubuhi ya kwanza alinisalimia kupitia ukutani. "We mgeni! Nyie Wapimbwe mnaamka kimya kimya hivyo, mmeiba nini?" Niliogopa kumjibu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtu asiyemjibu ndiye aliyemhangaisha zaidi.

Siku moja Gervas alitoka kazini na jiwe. Lilikuwa dogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, linang'aa kama kioo kilichovunjika, na lina pembe zilizonyooka kana kwamba fundi amelikata. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Aliliweka kiganjani mwa Desderi, na mkono wa mtoto ukashuka kwa uzito, akacheka. Gervas naye akacheka. "Aone baba yake anachimba nini," alisema. Mimi sikucheka. Kutoka na jiwe getini, hata punje, kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na tulikuwa tumesikia habari za watu waliopelekwa bomani. Askari walikuwa wakipekua watu, na mara nyingine vyumba. "Lirudishe," nilimwambia. "Nitalirudisha," alisema. Lakini mtoto akililia, anapewa. Mchana nilimwacha alichezee mlangoni, jioni nikalifunga kwenye upindo wa kanga.

Kisha likapotea. Gervas aliuliza akiwa bado hajavua viatu. "Jiwe la Desi liko wapi?"

"Alikuwa nalo hapa mlangoni."

"Nakuuliza liko wapi, sikuulizi lilikuwa wapi."

Tulifagia, tukakung'uta mkeka, tukageuza kitanda, nikachambua jivu la mafiga kwa vidole. Mwishowe Gervas alichuchumaa mbele ya mtoto. "Desi, baba, jiwe liko wapi?" Desderi alitutazama, akafungua mdomo mpana, akaingiza kidole ndani, akacheka. Mpaka leo nikifumba macho nauona ule mdomo na meno yake machache. Gervas alikaa chini sakafuni. Tangu hapo tulinong'ona, maana ukuta ulikuwa na masikio.

Nikaanza kungoja choo chake. Hakikuja. Nikirudisha kumbukumbu nyuma, kilikuwa kimeanza kuwa kigumu tangu nilipomwachisha ziwa, vigololi kama vya mbuzi, lakini sikuwa nimejali. Sasa nilijali kila saa. Alikuwa akienda nyuma ya mlango, anashika mwimo, anakaza magoti, anasimama kwa ncha za vidole, na uso unamjaa jasho. Nami nilipiga makofi taratibu, "Sukuma, baba, sukuma!" Alinitazama kwa macho ya mtu anayeonewa. Kisha ilipita, akakaa, akalia kidogo, asile. Tumbo lake lilianza kutuna. Niliweka mkono wangu hapo, nikawa namwona huyo mtoto amebeba kipande cha mgodi ndani yake, nikajua kwamba tukimpeleka zahanati, ambayo ilikuwa ya mgodi wenyewe, tutalazimika kusema kipande hicho kimefikaje. Gervas akifukuzwa, chumba kinachukuliwa siku hiyo hiyo. Tukinyamaza, mtoto anakufa. Sikuona njia ya tatu.

Gervas ndiye aliyepata fikra, na ilikuwa fikra ya mtu wa kazi yake. Alifanya kazi kwenye mfereji wa mbao ambao mawe yalishushwa kutoka juu mpaka kwenye vitoroli. Mawe yalipokwama katikati, hawakuingiza mkono, maana mkono ungebaki humo. Walimwaga mawe mengine juu yake, mazito, mpaka uzito wenyewe ukafungua njia. "Mama Desi, mfereji ni mfereji," aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayenifundisha. "Kitu kikikwama, kisukume na kitu kizito." Mimi sikuwa na fikra yangu, nikaifuata ya kwake. Nilisonga ugali mgumu kuliko kawaida, nikamlisha matonge. Nilichemsha ndizi mbichi, nikaponda, nikamlisha. Maziwa ya kopo nilimpa mazito, bila kuyachanganya sana. Alipokataa nilimbana pua kidogo ameze. Nilifanya hivyo nikiamini ninamwokoa. Kila tonge lililoshuka nilishukuru Mungu.

Hali ikawa mbaya. Alianza kulia kabla ya kwenda nyuma ya mlango, alipohisi tu kwamba inakuja. Alikataa kupakatwa. Mchana alilala huku amekunja miguu, na midomo yake ilikauka. Mama Zuhura aliita ukutani, "Mama Desi! Mtoto ana nini?" Nilisema kikohozi. "Kikohozi hicho kinatokea upande gani?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Jioni hiyo Gervas alisema amesikia habari za bibi mmoja wa ng'ambo ya reli anayepiga watoto bomba, yaani kuwaingizia dawa ya mizizi kwa kibuyu chenye mrija. Ni kali, inatoa kila kitu. Nilijua habari zake. Nilijua pia habari ya mtoto wa mstari wa mbele aliyepigwa bomba akaharisha mpaka macho yakazama, na tukamsindikiza mama yake kumzika makaburini. "Kesho kutwa ni siku yangu ya mapumziko," alisema Gervas. "Tutamwita." Hakuwa mkatili.

Kesho yake, alipokwisha kwenda kazini, nilimfunga Desderi mgongoni nikaenda zahanati bila ruhusa yake. Njia haikuwa ndefu, lakini nilijiona kama ninakwenda bomani kwa miguu yangu. Kulikuwa na benchi kwenye kibaraza, na benchini ameketi askari wa getini, yule yule aliyekuwa akipekua watu, amefungwa kitambaa kidoleni. Alinisogezea nafasi. "Karibu, mama. Mtoto anaumwa?" Nikasema ndiyo. Alimchezea Desderi kidole cha mguu. Nilikaa karibu yake nikiwa na hakika kwamba jiwe linaonekana kupitia kanga.

Bwana mganga alikuwa mtu mwembamba, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alimlaza Desderi mezani, akapasha mikono yake moto kwa kuisugua, akaanza kumbonyeza tumbo polepole, akisikiliza kwa vidole. Upande wa kushoto, chini, vidole vilisimama. "Hapa pana kitu," alisema.

Nikashindwa kujizuia. "Ni jiwe, bwana mganga. Amemeza jiwe la mgodi."

Nilisema kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi. Bwana mganga hakugeuka. Alinyoosha mguu, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukafunga. "Sauti, mama," alisema. Akaendelea kumbonyeza mtoto. Halafu akauliza kwa kunong'ona lina ukubwa gani. Nilimwonyesha ukucha wangu. "Kama lilipita kooni, litapita na kwingine. Lakini haliwezi kupita kwenye njia kavu. Hiki ninachokishika hapa si jiwe, ni choo, tena kingi. Anakula nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa fahari kidogo, naona haya kukumbuka: unga mweupe, maziwa ya kopo, chai, ndizi, na kwamba sasa tunamwongezea ili visukume. Alivua miwani. "Mama, hivyo vyote vinafunga. Mnampa saruji." Akauliza maji. Nikamwambia habari ya mifupa. Hakunicheka. Alichukua kikombe, akafungua bomba lililokuwa pale ukutani, akanywa maji yote mbele yangu, akafuta mdomo. "Nimeyanywa tangu nilipokuja. Ninatembea." Akamjazia Desderi kikombe kidogo, na mtoto alikishika kwa mikono miwili akanywa bila kupumua. Sikuwa nimejua kwamba mwanangu ana kiu. Kati ya yote ya mwaka ule, hilo ndilo linalorudi zaidi nikiwa peke yangu.

Aliniambia ya kufanya kwa lugha rahisi. Maji, kidogo kidogo, siku nzima. Papai lililoiva, lipondwe. Uji mwepesi wa ulezi. Mlenda. Viazi vitamu. Maharage yaliyopondwa pamoja na mchuzi wake. Maziwa ya kopo na chai viwekwe kando, na ugali mweupe uwe kidogo mpaka njia ifunguke. Nikamwuliza bomba la mizizi. "Mkimpiga bomba hilo msimlete kwangu," alisema. "Mpelekeni kwa padri." Kisha akanionya: akitapika, tumbo likikaza kama ngoma, au akikataa hata maji, nimkimbize pale wakati wowote. Nilipokuwa nikimfunga mtoto mgongoni aliongeza jambo jingine. "Hapo nyuma ya mlango, anaposimama kwa ncha za vidole, unadhani anasukuma. Hasukumi huyo. Anabana. Ilimuuma siku moja, sasa anaogopa. Mtoto anayeogopa hatoi kitu. Anajisaidia wapi?" Nikasema kwenye kopo, kama watoto wengine wa kambi. "Kwenu mlikuwa mnamweka wapi?" Nikasema miguuni. "Basi mrudishe miguuni."

Gervas aliporudi alikuta uji wa ulezi mafigani na mlenda kwenye bakuli. Mlenda nilikuwa nimeuchuma nyuma ya vyoo, mchana kweupe, na wanawake walikuwa wameimba wimbo wao mpaka mwisho. Aliponiuliza nikamwambia nilikokwenda na nilichosema. Alikaa kitandani. Alisema sasa tumekwisha. Kisha akaona bakuli. "Na hivi vya kuteleza ndiyo dawa? Jiwe litazama. Bwana mganga hajawahi kushuka shimoni."

"Na wewe hujawahi kushuka tumboni," nikamjibu.

Sikuwahi kumjibu hivyo. Upande wa pili wa ukuta, Mama Zuhura akapasuka kwa kicheko. "Mama Desi! Leo umesema!" Gervas aliukazia ukuta macho. Mama Zuhura akaendelea, bila kupunguza sauti, "Baba Desi, usinikazie macho ya ukutani. Habari ya hilo jiwe tunaijua upande huu wote. Nyie mnadhani mnanong'ona. Kuna aliyesema? Hakuna. Mpeni mtoto mlenda, mimi ninaleta papai kesho, shemeji yangu yuko stesheni na wachuuzi." Gervas alijifunika uso kwa mikono. Nilidhani amekasirika. Alikuwa analia, na nilikuwa sijamwona akilia.

Asubuhi alisema, kama mtu anayejisemea, kwamba kuna mara moja, wakati wa mvua, mfereji ulikwama kwa udongo mchanganyiko na mawe. Walimwaga mzigo juu, ukashindilia zaidi. Wakaongeza, ukashindilia zaidi. Mwishowe nyapara aliagiza maji, wakamwaga mapipa kwa mapipa, na udongo ukaachia wenyewe. "Nilikuwepo," alisema. "Sijui kwa nini sikukumbuka." Hatukumwita bibi wa bomba.

Lakini papai halina saa yake kama treni. Siku ya kwanza, hakuna. Nilimpa maji kwa kikombe, uji, papai la Mama Zuhura alilolipokea kwa furaha, akajipaka mpaka masikioni. Nilimshika tumbo kila mara, nikitafuta kukaza. Siku iliyofuata, hakuna. Nilikuwa nikimnusa mdomo kuona kama atatapika. Sikupika chakula chetu, Mama Zuhura ndiye aliyetupikia. Alimtuma bintiye Zuhura na sahani iliyofunikwa na maneno ya dharau, "Mama kasema mle, msije mkafa nyie kwanza mtoto akabaki kutusumbua."

Kisha asubuhi moja nilimwona Desderi akienda nyuma ya mlango. Nilimwahi. Nilimchukua nje, upande wa nyuma wa chumba, nikakaa chini, nikanyoosha miguu, nikatanua nyayo, nikamkalisha juu ya vifundo vyangu kama mama zetu walivyotukalisha sisi. Alitaka kusimama. Alikaza magoti. Sikumwambia sukuma. Nilimwacha ashike magoti yangu, nikamwimbia vitu visivyo na maana, majina ya mbuzi wa nyumbani. Alilia sana. Ikaja, mwanzoni ngumu na nyeusi, na uzi mwembamba wa damu, naye akinichimba ngozi kwa kucha. Halafu ikafuata laini, nyingi, mpaka akanyamaza kwa mshangao. Alinitazama. Kisha akalegea mwili mzima, akaniegemea magotini kama mtu aliyetua mzigo.

Nikachukua kijiti. Gervas alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ametupa mgongo. "Limo?" aliuliza.

Nilichambua mpaka mwisho. "Halimo."

Ndipo nilipojua kwamba hofu yangu haikuwa imeisha, ilikuwa imebadilika tu. Mtoto alikula, alicheza, tumbo lilishuka, alipata choo karibu kila asubuhi juu ya miguu yangu. Na kila asubuhi nilichukua kijiti. "Limo?" "Halimo." Mama Zuhura naye alidaka, akawa anaita kupitia ukutani hata kabla ya salamu, "Limo?" nami nikaitikia, "Halimo!" na mstari mzima ukacheka. Nilicheka nao. Lakini nilipokuwa peke yangu nilimweka Desderi juu ya mkeka nikalaza sikio langu tumboni mwake. Nilimbeba mtoto wa jirani aliyelingana naye, nikamrudisha, nikambeba wa kwangu, nikilinganisha uzito. Nilikuwa nimeacha kuogopa kwamba atakufa kesho. Niliogopa kwamba kitu kile kimejificha ndani yake, kinangoja, na kwamba hata akiwa mtu mzima siku moja kitageuka.

Lilipatikana mwishoni mwa mwaka, kabla ya mvua. Kwa sababu sasa tulikuwa tukinywa maji mengi, mtungi uliota ukijani chini, nikaamua kuutoa niusugue. Ulikuwa mzito, Gervas akanisaidia kuunyanyua. Kwenye mchanga mbichi, katika shimo la kidole kidogo, lilikuwepo jiwe, linang'aa kama siku lilipoingia. Desderi alikuwa amelisokomeza chini ya mtungi kwa mkono wake. Alipoliona alifungua mdomo, akaingiza kidole, akacheka vile vile, na ndipo tukajua kwamba lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Nilikaa palepale kwenye maji yaliyomwagika. Gervas aliliosha, akalitia kwenye kopo lake la chakula, na kesho yake akaingia nalo getini. Hawakuwa wakipekua watu wanaoingia. Alilitupa kwenye mfereji pamoja na mengine. Nadhani ndiye mtu pekee wa mgodi ule aliyewahi kulipitisha jiwe kwa magendo kuelekea ndani.

Gervas alifariki zamani, Mama Zuhura pia. Neno lilibaki. Desderi alikua nalo, akalipeleka kwa wanawe. Akitoka chooni wanawe walimwuliza, "Limo?" naye akajibu kama mwanajeshi, "Halimo!" Alikuwa mtu wa utani, nadhani aliunyonya kupitia ule ukuta.

Alipoanza kuugua hakusema. Wanaume hawasemi habari za choo. Alipokuja kwangu Shanwe, alikuwa amekonda, na alikaa kwa upande mmoja wa kiti. Tulikwenda hospitali kubwa. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alituita kando mimi na wanawe, akatuonyesha picha, akaweka ncha ya kalamu upande wa kushoto, chini, akasema, "Hapa pana kitu." Alisema uvimbe, alisema umechelewa. Nilitazama ile ncha ya kalamu. Mahali ni pale pale.

Tulirudi nyumbani. Dawa za maumivu zilimfunga tumbo, na muuguzi akaniambia nimpe maji, papai, uji mwepesi, vitu laini. Nilimwambia ninajua. Fundi alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, nikakiweka nyuma ya pazia. Desderi alikuwa na mvi, lakini alipokaa pale alikaza magoti na kukanyaga kwa ncha za vidole, nami nikamtambua. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikasogeza miguu yangu chini ya yake. Akaweka nyayo zake juu ya nyayo zangu. Zilikuwa baridi. Magoti yakalegea.

Siku moja, mchana, mvua ikipiga bati, tulikuwa tumekaa hivyo. Akauliza bila kunitazama, "Mama. Limo?"

Daktari alikuwa ametueleza mimi na wanawe tu. Tulikuwa tumekubaliana tumfiche. Miaka yote jibu lilikuwa moja, na mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kulisema.

"Limo, baba," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. "Basi usiondoe miguu," alisema.

Sikuiondoa.